Mwenyewe Asimame

Papa Aziza, mume wangu,

Popote ulipo, acha kwanza hicho unachokitengeneza, futa mikono, ukae. Nina habari isiyoweza kungoja. Tangu Jumapili jioni naizungusha mdomoni. Nimeshawahadithia wote waliokubali kunisikiliza, hata yule muuza mkaa mpya ambaye hakukufahamu, na bado sijatosheka, kwa sababu mtu niliyetaka kumhadithia wa kwanza ni wewe. Basi sikiliza. Watoto wamerudi kucheza teatri kwenye kiwanja chetu. Na Jumapili walikucheza wewe!

Ngoja, usicheke bado. Nianzie mwanzo, maana ulikuwa ukinilaumu kila siku kwamba hadithi zangu naziingilia mkiani.

Unakumbuka mambo haya yalivyoanza? Aziza wetu alikuwa bado mdogo, wa kubebwa mgongoni. Watoto wa avenue, mtaa wetu huu, walipenda kuja kwetu kwa sababu kiwanja chetu kilikuwa kipana, ulikifyeka mwenyewe ili upate pa kuzipanga baiskeli za wateja, na hapa Kabondo baiskeli mbovu hazijawahi kukosekana. Siku moja walichukua kikwembe changu cha kujifunga kiunoni bila ruhusa, wakakitundika kwenye kamba ya nguo kikawa pazia. Bidoni tupu za kutekea maji zikawa ngoma. Halafu mtoto mmoja akatoka nyuma ya pazia akimwiga mtu wa mtaa bila kutaja jina, na sisi tukaanza kubahatisha ni nani. Maman Bijou, jirani yetu anayekaanga mikate ya duara kwenye mafuta, tulimtambua mara moja, kwa vile anavyopuliza vidole vilivyoungua huku akimsalimia kila apitaye. Wewe ulicheka mpaka ukaangusha spana kwenye mguu wako mwenyewe.

Lakini wa pili kuigwa alikuwa yule mwalimu jirani, aliyekuwa na tabia ya kuingia nyumba za watu na kufunua vyungu kabla ya kubisha hodi. Mtoto aliyemwiga alifunua bidoni, akanusa, akafumba macho, akasema, "Hum!" Watu wakavunjika mbavu. Mwalimu akanyanyuka na fimbo. Watoto wakatawanyika, mmoja akajificha nyuma yako, na wewe ukasimama katikati na mikono yako yenye mafuta ya cheni.

"Mwalimu, kaa," ulimwambia. "Batoto banaigaka mutu ule banapenda. Ule habapende, habamuangaliake hata."

Mwalimu akabaki ameshika fimbo, hajui aipeleke wapi. Hapo hapo ukatunga sheria, kama vile ulikuwa umelala nayo. Anayeigwa akitambuliwa, watu wote waite, "Mwenyewe! Mwenyewe asimame!" Naye asimame acheze ngoma mbele ya watu. Kama hataki kucheza, basi achukue bidoni aende bombani akawaletee watoto maji. Na mtu mzima asiingie nyuma ya pazia, hata kama ni mama wa mtoto. Mwalimu alifikiri kidogo, akaitupa fimbo, akacheza. Alicheza vizuri kuliko tulivyotarajia, lazima tumpe haki yake.

Tangu siku hiyo sheria ikawa ya mtaa mzima. Watoto walikua, wakaoa, wakaolewa, wakaja wengine nyuma yao, na sheria ikabaki. Kila mtu alisimama zamu yake ikifika. Mimi walinicheza mara nyingi mno, nami nilisimama na kucheza mpaka wapiga bidoni wakachoka. Mimi ni mtu wa Yanonge, watu wa mto hatuombwi mara mbili. Lakini wewe! Kila walipokuiga, na walikuiga karibu kila wiki, ulikataa kucheza. Ulichukua bidoni ukaenda zako bombani, huku mtaa mzima ukikuzomea na mimi nikiongoza.

"Magoti yangu iko ya kutengeneza kinga," ulisema ukionyesha baiskeli za wateja, "haiko ya kucheza."

Nilikuita mwoga. Nilikuita mti mkavu. Nilikwambia nimeolewa na ukoo wa mafundi wanaojua kukaza nati tu, na ulirudi na maji yako ukitabasamu, bila kunijibu neno. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniudhi zaidi.

Halafu ukaugua, nawe unajua jinsi ilivyokuwa, sina haja ya kukukumbusha. Ulipoondoka, watu walikaa nasi kwenye matanga, nikaingia eda, eda ikaisha. Ila kitu kimoja hakikuisha. Watoto walipopita mbele ya kiwanja chetu walinyamaza. Wakati wa matanga mama zao waliwaambia wasipige kelele hapa, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia kwamba sasa wanaweza. Walikuja hadi kwenye ua wakicheka, wakakata kicheko hapo, wakapita kimya kama watu wanaopita mbele ya ofisi ya mkubwa, kisha wakaendelea kucheka upande wa pili. Mimi nilikuwa ndani nikisikia. Papa Aziza, ukimya ule ulinichosha kuliko kilio chote. Nilitamani wavunje kitu. Nilitamani hata waniibie kikwembe.

Basi wiki iliyopita wakanijia wawili. Wa kwanza ni Mado, mjukuu wa Maman Bijou, yule mrefu mwenye sauti ya kuamuru. Amekuwa mkubwa wao sasa, yeye ndiye anayepanga nani atamwiga nani. Nyuma yake alikuwa Furaha, binti wa wapangaji wa nyumba ya jirani, yule aliyekuwa akikaa karibu nawe akikupa nati moja moja na kukuuliza kila moja inaitwaje.

"Koko, jambo," Mado akasema, kwa heshima ya mjukuu kwa bibi yake. "Tulikuya kukuuliza kitu, lakini usikasirike."

"Sema kwanza. Nikisha sikia, njo nitajua kama nakasirika."

"Tunataka kuanza tena teatri. Hapa kwako."

"Na nani alibakatazaka?"

Wakatazamana. "Hakuna mutu," Mado akasema. "Lakini hatuwezi kuiga batu bengine na kumuruka Koko Fundi. Inakuwa sawa vile hakukuwaka. Tunataka kuanza na yeye. Ukikatala, bon, tutaacha teatri yote."

Unaona mtoto anavyoweza kukubana kwenye kona? Nilitaka kusema ndiyo na nilitaka kusema hapana, na nusura niyaseme yote mawili kwa pamoja. Nikauliza, "Na nani atamucheza?"

Furaha akainua kidole. "Miye."

Nikamtazama. Ana miaka saba, na meno yake mawili ya mbele yameng'oka juzi. Kwa hiyo hata "miye" yake ilitoka na upepo. Nikasema sawa, Jumapili.

Walipoondoka tu nikaanza kujuta. Nitakwambia kwa nini, maana hili sijamwambia mtu mwingine. Hesabu mwenyewe umri wa yule mtoto. Furaha anakumbuka nini juu yako? Sisi tulikujua ukiwa na nguvu, ukiendesha baiskeli mpaka Simi-Simi kuwatengenezea wateja huko, na kurudi ukipiga mluzi. Yeye amekuona zaidi miezi ile ya mwisho, ulipotoka chumbani umeinama, mkono mmoja kiunoni, ukitafuta ukuta wa kujishikilia. Na watoto huiga walichokiona, hawachagui. Nilijiambia: atatoka mbele ya mtaa mzima amemwiga mgonjwa. Watu watacheka au watalia, na yote mawili siyawezi. Mimi mwenyewe, nikifumba macho, ni yule mgonjwa ndiye anayenijia. Yule mwingine, wa mluzi, nilikuwa namtafuta simpati. Sikutaka waje kumzika mara ya pili kwenye kiwanja chake.

Nikampigia simu Aziza, binti yako, huko Lubunga kwa mume wake. Nilitegemea anitulize. Wapi!

"Mama, uliitika nini?" akasema. "Batu batasema nini? Papa alikufa, sasa tunamufanya kintu ya kucheka? Bon, mi nakuya. Kama inaanza kuwa mubaya, mi nasimamisha mambo yao yote."

Na kweli Jumapili mchana akavuka mto kwa pirogi, akaingia na uso wa polisi. Nilimpa chakula, hakula. Ana kichwa kigumu, na siyo kutoka upande wangu.

Lakini sikiliza, mume wangu, jinsi kiwanja kilivyojaa! Sijui nani alieneza habari. Watu walikuja kila mmoja na kiti chake, kama zamani. Wenye benchi walileta benchi, na vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, waliziegemeza ukutani wakakaa juu ya viti vya nyuma. Maman Bijou alikuja na sufuria yake ya mikate. Kikwembe kilitundikwa, na ni kile changu cha rangi ya machungwa, na safari hii waliniomba. Nyuma yake nilisikia wakisukumana na kunong'onezana kwa sauti kubwa kuliko watu wanaoongea kawaida. Nilitaka kuinuka nimwite Furaha nimwambie, mwanangu, usimwige mgonjwa. Lakini mtu mzima haingii nyuma ya pazia. Sheria ni yako, na mimi siyo wa kuivunja.

Bidoni zikalia. Mado akatoka kwanza, amefunga kitambaa kichwani kama mimi, mkono kiunoni kama mimi, akainamia beseni na kuanza kufua nguo huku akigomba na sabuni. Watu wakanigeukia wakicheka. Nami nikacheka, ndiyo, nagomba na sabuni, sabuni za siku hizi hazina povu.

Kisha pazia likafunguka, akatoka Furaha.

Alikuwa amevaa kofia yako. Sijui nani alimpa, nadhani ni mimi, nimesahau. Ilimfika machoni. Na alikuwa ameinama, Papa Aziza. Ameinama kabisa, mkono kiunoni, anavuta hatua moja, anapumzika, anavuta nyingine. Wapiga bidoni wakashusha mikono. Aziza akanishika mkono kwa nguvu, nikasikia kucha zake. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo sasa, ndiyo niliyoiogopa.

Furaha akasimama. Akainua kofia kidogo kwa kidole kimoja. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akamtazama Mado aliyempa mgongo. Kisha akaanza kunyata! Miguu ikapanda juu na kushuka bila sauti, kwa vidole, mgongo ukiwa umeinama vile vile, mpaka nyuma ya Mado. Akanyoosha mkono mwembamba, akalivuta beseni taratibu kutoka chini ya nguo, akamwaga maji ya sabuni pembeni akabakisha kidogo, akalikumbatia kifuani na kukimbia nalo!

Kumbe hakuinama kwa ugonjwa. Aliinama kwa wizi!

Kiwanja kililipuka. Ni nani katika mtaa huu asiyejua kwamba kwa miaka yote ulikuwa ukiniibia beseni langu la kufulia, ili uzamishe humo mpira wa baiskeli na kutafuta tundu? Nami nilidhani ni siri yetu ya nyumbani. Furaha akakaa chini, akatumbukiza kipande cha mpira ndani ya beseni, akakizungusha polepole, sikio karibu na maji, ulimi nje pembeni ya mdomo, hasa pale ulipokuwa ukiutoa wewe. Akangoja. Halafu akanyoosha kidole, akasema kwa sauti nzito ya kichekesho yenye upepo wa mapengo, "Ilijificha. Lakini iko napumua!"

Neno lako! Neno lako lenyewe, ulilolisema kwa kila tundu, kwa kila mteja! Nilikuwa nimelisahau. Nakuambia kweli, lilikuwa limenitoka kichwani kabisa, na mtoto yule alikuwa amelitunza.

Mado akageuka. "Papa Aziza! Bassin yangu iko wapi?"

Furaha akalikalia beseni na maji yake, kofia ikamwangukia puani. "Bassin gani?"

Hapo Aziza aliniachia mkono. Alikuwa anacheka, yeye aliyekuja na uso wa polisi, anacheka huku machozi yakimtiririka, anapiga mapaja, anasema, "Njo yeye! Mama, njo yeye mwenyewe!" Ndiwe kweli, nami nilikuona. Hapo hapo, kwenye jua, mzima, mwizi, unapiga mluzi. Yule niliyekuwa namtafuta.

Na kwa raha ile, bila yeyote kufikiri, mtaa mzima ukafungua mdomo kwa mazoea, wakubwa kwa wadogo: "Mwenyewe! Mwenyewe asimame! Mwenyewe asimame!"

Kisha wakasikia walichokisema.

Sauti zikafa moja moja. Maman Bijou akaziba mdomo kwa mkono. Vijana wa toleka wakatazama chini. Wazee wanasema asiyekuwepo na lake halipo, na hapo kila mtu alikumbuka kwamba haupo. Furaha akabaki amekaa ndani ya beseni, amelowa, anatugeukia mmoja mmoja.

"Koko," akaniuliza, "nilikosa?"

Nikasimama.

Nilisimama bila kujua nitafanya nini, hilo nakiri. Watu wakafikiri nitacheza, wapiga bidoni wakashika bidoni zao tayari. Magoti yangu yenyewe yalitaka, unanijua. Lakini nikajiambia, we mwanamke, nani ameigwa hapa? Siyo wewe. Ukisimama kwa niaba ya mtu, fanya ya mtu huyo. Na mtu huyu hajawahi kucheza hata siku moja katika maisha yake.

Basi nikaenda kwa mpigaji wa kwanza, nikamnyang'anya bidoni yake ya njano, nikaitia begani kama ulivyokuwa ukiitia, nikasema kwa sauti watu wote wasikie, "Magoti yangu iko ya kutengeneza kinga. Haiko ya kucheza!"

Papa Aziza, kelele iliyopigwa sijui kama hamkuisikia huko. Walinizomea! Walinizomea vilevile walivyokuzomea wewe, kwa furaha yote, na Aziza akiongoza mahali nilipokuwa nikiongoza mimi. Nikatoka kwenye ua na bidoni yangu nikiwa nimeinua kichwa, nikitabasamu bila kujibu neno. Na kumbe ni tamu! Kwa nini hukuniambia kwamba ni tamu hivyo?

Furaha akanikimbilia, kofia mkononi, nguo zinachuruzika. Tulipofika bombani, maji yakiwa yanaingia, nikamuuliza kama kujifurahisha tu, "Na weye unajua juu ya nini Koko Fundi alikatalaka kucheza?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Alinielezaka. Alisema batu bote bakisimama kucheza, hakuna mutu anakumbuka mayi. Na bana bakimaliza teatri, bako na kiu sana."

Nilisimama pale mpaka bidoni ikafurika na maji yakanilowesha miguu.

Miaka yote ile! Miaka yote nilikuita mwoga, ukabeba maji yako na kunyamaza. Mtoto wa nati alijua, mimi niliyelala nawe kitanda kimoja sikujua. Nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Furaha akashika upande mmoja wa mpini na mimi mwingine, tukarudi tukimwaga njia nzima. Watoto walitupokea kama mabaharia waliorudi salama. Walikunywa kwa kikombe chako cha bati, mmoja baada ya mwingine, wakipumua kwa nguvu, na Mado alikunywa mara mbili akisingizia kwamba yeye ni mkubwa. Ni kweli, walikuwa na kiu sana.

Lakini usijivune. Ulikuwa na huruma, sawa, nimekubali mbele ya mashahidi. Na kucheza pia ulikuwa hujui! Yote mawili ni kweli, nami nitayasema yote mawili mpaka siku tutakapoonana.

Aziza hakurudi Lubunga siku ile, alilala hapa, tukakutaja mpaka usingizi. Na sasa hivi ninapokuandikia, nje ya dirisha wanagombana juu ya nani atamwiga muuza mkaa, wanapiga kelele za kutosha kupasua bati, na beseni langu silioni popote. Sijauliza. Najua liko kwa nani.

Basi pumzika, mwizi wangu, na usiwe na wasiwasi na kiwanja chako. Ujue tu, ukisikia wanakutaja, usije ukajitafuta kwa sura ya zamani. Siku hizi wewe ni msichana wa miaka saba, huna meno mawili ya mbele, na bado hujui kucheza.

Mke wako anayekubebea maji,

Mama Aziza